Sura ya Nne: Nani Alilala Hapa?

Matokeo ya sensa ya 2022 yalipotangazwa, wengi tulikariri tarakimu moja tu: Watanzania 61,741,120. Tarakimu iliyostahili kuwashtua watu wa Dar es Salaam ilikuwa ndogo, tena imekaa ndani ya majedwali ambayo hayasomwi redioni. Kati ya 2012 na 2022 idadi ya watu nchini iliongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kwa asilimia 2.1. Jiji la foleni ya Mbagala, jiji ambalo chumba kimoja cha kupanga kinadaiwa kodi ya miezi sita mkononi, lilikuwa linakua polepole kuliko nchi yenyewe.

Muongo uliotangulia unalifanya jambo hili liwe gumu zaidi kuaminika. Kati ya 2002 na 2012 Dar es Salaam ilikua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, ikatoka watu milioni 2.5 na kufika milioni 4.36. Kama ingeendelea na mwendo ule, 2022 ingekutwa na watu zaidi ya milioni saba na nusu. Wakahesabiwa 5,383,728. Hao milioni mbili na ushei wako wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko Barabara ya Kilwa. Ukitoka Mbagala Rangi Tatu ukaipita Kongowe, utafika Vikindu bila kuona mahali ambapo mji umekatika. Duka la saruji na nondo, kinyozi, mama ntilie, bodaboda wamejipanga kivulini, kanisa la mabati, msikiti mpya ambao mnara wake haujaisha, kisha duka jingine la saruji na nondo. Abiria wa daladala hajui ni nguzo ipi ya umeme iliyomtoa Dar es Salaam ikamwingiza Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Jedwali la sensa linajua. Ndivyo ilivyo ukitoka Bunju kwenda Mapinga, ukitoka Chanika kuelekea Kisarawe, ukitoka Kibamba kupitia Kiluvya mpaka Kibaha. Mkoa wa Pwani, uliokuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, ulikutwa na 2,024,947 mwaka 2022. Ukuaji wake ni zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, yaani kasi tuliyozoea kuisikia ikitajwa kwa Dar es Salaam. Jiji lilikuwa limevuka mpaka wake wa kiutawala, na hesabu zikaendelea kusomwa kana kwamba limebaki ndani.

Kinachowavusha watu ni kiwanja. Mtu aliyepanga Tandika miaka mingi anapata kiwanja cha ishirini kwa ishirini Vikindu, analipa kidogo kidogo, anasimamisha kuta, anapaua chumba na sebule, kisha anahamia pagale lake madirisha yakiwa yamezibwa kwa vipande vya mabati. Lipu itakuja, dari itakuja, umeme utavutwa jirani akivuta. Alfajiri bado anapanda gari kwenda Kariakoo kwenye meza yake ya biashara. Watoto wakubwa wanamalizia shule Temeke kwa sababu kuwahamisha katikati ya mwaka ni usumbufu. Ukimuuliza anaishi wapi atakujibu, "Mbagala, kwa mbele kidogo." Kwa sensa, huyu ni mhamaji wa kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, sawasawa na aliyetoka Kigoma akahamia Mtwara.

Sura hii inahusu hilo: namna tunavyohesabu watu wanaohama, na namna vipimo vyetu vinavyoonyesha safari fulani na kuficha nyingine. Dai langu ni moja. Safari nyingi za Waafrika Mashariki ni fupi, za hatua kwa hatua, na mara nyingi zina kurudi. Vipimo vyetu vimetengenezwa kuona safari ndefu ya kwenda moja kwa moja, kutoka kijijini mpaka jiji kuu. Matokeo yake tunaijua vizuri safari ambayo wachache wanaifanya.

Tuanze na karani. Akiingia uani na kishikwambi chake, anataka kujua nani walilala katika kaya hiyo usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia Agosti 23. Aliyelala hapo anahesabiwa hapo, awe baba mwenye nyumba, shangazi aliyekuja kutibiwa, au binamu aliyefika juzi na begi moja akisema anapita tu. Utaratibu huu una akili yake, kwani mtu hawezi kulala mahali pawili usiku mmoja. Ila unatuonyesha usiku mmoja, tena wa Agosti. Sensa zote tangu Uhuru, yaani 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, zimefanyika mwezi huo, na kwa sababu nzuri: ni kiangazi, barabara zinapitika.

Sasa ichukue sensa hiyo uipeleke Desemba 25. Wiki ya Krismasi nauli ya Moshi hupanda, mabasi hutoka kwa misururu, na Kariakoo milango mingi huwa imefungwa kwa sababu wenyewe wako Rombo, Marangu na Machame, wanachinja, wanabatiza watoto na kumaliza ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Sensa ya usiku huo ingeikuta Kilimanjaro imefurika na Dar es Salaam imepwaya, na nina hakika angetokea mtu wa kuandika ripoti ndefu kuhusu Watanzania kuukimbia mji.

Mfano mwingine uko baharini. Wavuvi wa Kojani, Pemba, huenda dago. Hupakia nyavu na vyombo, wakapiga kambi ufukweni mbali na kwao kwa wiki nyingi, kisha hurudi upepo ukibadilika. Uhamaji wa namna hii ni wa zamani, na uchumi wa visiwa vingi umeutegemea. Kwenye jedwali la uhamaji mvuvi huyu hayumo kabisa. Kambini amehesabiwa kama aliyelala pale. Akiulizwa anaishi wapi kwa kawaida atasema Kojani, na Kojani ndiko alikozaliwa. Kwa vipimo vyetu hajawahi kwenda popote.

Swali la mahali pa kuzaliwa ndilo nguzo ya takwimu za uhamaji. Mtu aliyezaliwa mkoa mmoja na kuhesabiwa kama mkazi wa mwingine anaitwa mhamaji wa maisha. Hesabu ni rahisi na jibu halisahauliki, maana kila mtu anajua alikozaliwa. Lakini fikiria mwanamke aliyezaliwa Muleba, akaolewa Biharamulo, akafanya biashara ya dagaa Mwanza miaka kumi, akahamia Dar es Salaam kumfuata mwanawe. Sensa itaona mstari mmoja kutoka Kagera hadi Dar es Salaam, na ndani ya mstari huo Mwanza nzima imepotea. Aliyekwenda mjini miaka thelathini akarudi kwao kustaafu naye haonekani: kazaliwa Njombe, kahesabiwa Njombe. Na kuna watoto. Binti wa mjini akikaribia kujifungua mara nyingi hurudi kwa mama yake, hasa kwa uzazi wa kwanza, akakaa mpaka mtoto apate nguvu. Kila sensa inalazimika kuamua kama mahali pa kuzaliwa ni pale mtoto alipotoka tumboni au ni pale mama alipokuwa akiishi. Ikiamua vibaya, au karani akiuliza kwa haraka, mtoto wa miezi minne aliyebebwa mgongoni anakuwa mhamaji.

Wakati mwingine anayehama ni mpaka. Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa mipya ya Geita, Simiyu, Njombe na Katavi, na Songwe ikafuata 2016. Aliyezaliwa Geita akahamia Mwanza mjini miaka ya 1990 alikuwa amehama wilaya ndani ya mkoa mmoja, jambo ambalo majedwali ya mikoa hayalihesabu. Mkoa ulipogawanywa, safari yake ile ile ikageuka kuwa ya kutoka mkoa hadi mkoa, yeye akiwa amekaa kwake Kirumba anakunywa chai. Sensa za karibuni zimejaribu kuziba mapengo kwa kuuliza pia mtu alikuwa akiishi wapi mwaka mmoja kabla. Hilo linasaidia kuona mwendo wa karibuni, ingawa aliyehama miaka miwili nyuma anaponyoka hapo, na aliyekwenda akarudi ndani ya mwaka anaponyoka kote.

Aliyelifanya swali la mahali pa kuzaliwa kuwa elimu alikuwa mchora ramani. Ernst Georg Ravenstein alizaliwa Frankfurt mwaka 1834, akahamia Uingereza, akafanya kazi ya ramani katika Wizara ya Vita ya huko. Sisi tuna sababu ya kumjua kuliko wengine. Ni yeye aliyechora, kwa ajili ya Chama cha Kifalme cha Jiografia, ramani ya Afrika ya Mashariki ya Ikweta mwanzoni mwa miaka ya 1880, na ni yeye aliyetafsiri kwa Kiingereza kumbukumbu za safari ya kwanza ya Vasco da Gama, zilizochapishwa 1898. Majina ya Kilwa, Mombasa na Malindi yalikuwa mezani kwake muda mrefu. Mwaka 1885 alisoma mbele ya wanatakwimu wa London makala aliyoiita sheria za uhamaji, akitumia sensa ya Uingereza ya 1881.

Wenzake waliamini watu wanahama ovyo, bila mpangilio. Ravenstein akaonyesha mpangilio. Wengi wanaohama hawaendi mbali. Mji unapokua huvuta kwanza watu wa vijiji vya jirani, na pengo lililoachwa hapo linazibwa na watu wa mbali kidogo, nao nyuma yao wanaacha pengo linalozibwa na wengine, mpaka mvuto unafika pembezoni mwa nchi. Kila mkondo wa kwenda una mkondo wa kurudi. Wanaosafiri mbali huelekea moja kwa moja kwenye vituo vikubwa vya biashara na viwanda. Na katika safari fupi, wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Hilo la mwisho linasahauliwa mno. Tukisema mhamaji, picha inayotujia ni kijana wa kiume na begi stendi. Lakini msichana anayeolewa kijiji cha tatu kutoka kwao amehama maisha yake yote: shamba jipya, kisima kipya, mama mkwe, kanisa jingine. Kwa kuwa amebaki ndani ya wilaya, takwimu za mikoa hazimtambui. Hata enzi ya mkoloni waliohesabiwa kwa makini walikuwa wanaume. Manamba waliopelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro walikuwa na namba na kipande. Wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua mwaka 1944, ikijulikana kama SILABU, ikawachukua watu mpaka Kigoma na Songea. Nyaraka zao zinaweza kutuambia nani alisajiliwa na mkataba wake ulikuwa wa muda gani. Wanawake waliobaki wakilima mashamba mawili badala ya moja, au waliofuata nyuma kwa miguu yao wakafungua biashara ya pombe na chakula kando ya kambi, hawakuwa na namba. Kwa hiyo hawakuwa wahamaji.

Ukitaka kujua watu walikwenda wapi kweli, hakuna njia bora kuliko kuwafuata. Ni kazi ghali na ya kuchosha, na moja ya kazi bora za aina hiyo duniani imefanyika kwetu. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walihoji kaya zaidi ya 900 mkoani Kagera, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiuteketeza mkoa ule. Mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta watu wale wale. Si kaya zile; watu. Aliyekuwa mtoto wa miaka tisa kwenye dodoso la kwanza alitafutwa akiwa na miaka ishirini na ushei, popote alipo. Wahoji walianza na waliobaki: wazazi, majirani, mwenyekiti wa kijiji, yeyote mwenye namba ya simu au anayejua jina la duka ambalo fulani anauza. Wakawafuata watu vijiji vya jirani, Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Wakarudia tena 2010.

Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walichukua data hizo wakalinganisha watu waliokuwa wameanzia nyumba moja, kaka na dada na binamu, mmoja kaondoka na mwingine kabaki. Katika miaka ile kumi na mitatu hivi, ukuaji wa matumizi ya aliyeondoka uliupita wa aliyebaki kwa pointi 36 za asilimia. Hao walikula sahani moja, wakafundishwa na walimu wale wale. Kuondoka kulileta tofauti ambayo mbegu bora na semina za kilimo hazijawahi kuileta kwa haraka namna hiyo.

Hapo msomaji mwenye haraka atasema: basi, twende Dar. Data za 2010 zinasema vingine. Luc Christiaensen, De Weerdt na Yasuyuki Todo waliangalia wale walioutoka umaskini na kuuliza walitokea mlango upi. Karibu nusu waliacha jembe wakaingia kwenye biashara na kazi nyingine za vijijini, au wakahamia miji midogo. Waliotoka kwenye umaskini kwa kuhamia jiji kubwa walikuwa mmoja kati ya saba. Ni kweli kwamba aliyefika jijini alipanda haraka zaidi, lakini waliofika huko walikuwa wachache. Mji mdogo ulibeba wengi kwa sababu uko karibu. Nauli yake ni ya bodaboda, mtu anaweza kujaribu biashara ya kukaanga chipsi huku shamba likiangaliwa na mke, na mambo yakiharibika anarudi bila aibu. Aliyekwenda Dar na nauli ya kukopa hana ruhusa ya kushindwa.

Miji hiyo ipo na inakua mbele ya macho yetu. Tunduma, mpakani na Zambia, ilikuwa na watu kama 97,000 mwaka 2012, na 2022 ikakutwa na kama 219,000. Manispaa ya Kahama, kwenye dhahabu na mpunga, ilitoka takriban 242,000 ikafika 453,000. Mtu aliyeiona Katoro ya Geita miaka ishirini iliyopita akiiona leo atapotea njia. Hakuna wimbo wa Bongo Fleva unaosimulia kijana aliyetoka kijijini akaenda Katoro kutafuta maisha, na nadhani ni upungufu wa wasanii wetu.

Wakubwa nao wameamini hadithi ya kijana na jiji, kwa namna yao. Serikali ya kikoloni iliwakusanya wale iliowaita wahuni Dar es Salaam ikawarudisha makwao. Serikali huru ikaendelea. Miaka ya mwanzo ya 1970 watu wasio na kazi walitolewa jijini kwenda kuanzisha kijiji cha Gezaulole ng'ambo ya Kigamboni. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, ambapo asiye na kitambulisho cha kazi alipandishwa gari akapelekwa kulima. Wengi walirejea kabla viazi havijaota. Gezaulole yenyewe leo iko ndani ya Wilaya ya Kigamboni, Mkoa wa Dar es Salaam, na viwanja vyake vinatangazwa na madalali. Kati ya 1967 na 1978, kipindi cha Azimio la Arusha na Operesheni Vijiji, kipindi ambacho siasa yote ilikuwa inamwelekeza mtu kijijini, Dar es Salaam ilikua kwa asilimia 7.8 kwa mwaka. Haijawahi kukua haraka hivyo tena.

Jirani zetu Kenya walijaribu njia ya upole zaidi, nayo ikawageuka. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira kwa mkupuo ili kupunguza wasio na kazi mijini, na wafanyakazi nao wasidai nyongeza ya mshahara. Habari zikafika vijijini kwamba Nairobi kuna kazi, watu wakaja, na waliokosa wakawa wengi kuliko mwanzo. John Harris na Michael Todaro, wachumi waliofanya utafiti wao Nairobi, wakaandika 1970 nadharia ambayo bado inafundishwa: mtu hapimi mshahara wa mjini peke yake, anaupima pamoja na uwezekano wa kuupata. Ukiongeza uwezekano, umeongeza wanaokuja. Nadharia hiyo ni nzuri, ila nayo imejengwa juu ya watu wawili tu, wa kijijini na wa jijini. Mama wa Muleba na pagale la Vikindu hawana nafasi humo.

Wala mto huu wa watu wanaokwenda mjini hautiririki upande mmoja siku zote. Zambia ilikuwa nchi ya mjini kuliko karibu zote za ukanda huu, kwa sababu ya migodi ya shaba ya Kitwe, Luanshya na Ndola. Mwaka 1980 karibu asilimia 40 ya Wazambia waliishi mijini. Bei ya shaba ilianguka tangu katikati ya miaka ya 1970, migodi ikapunguza watu, kisha ruzuku ya unga ikaondolewa. Sensa ya 2000 ikakuta sehemu ya wakazi wa mijini imeshuka hadi karibu asilimia 35. Kwa muda mrefu makadirio ya kimataifa yalikuwa yakichora mstari wa Zambia ukipanda, kwa imani tu kwamba miji ya Afrika haiwezi kupungua. Mtaalamu wa jiografia Deborah Potts ndiye aliyepiga kelele sana kwamba sensa zenyewe zinasema vingine. Mtu akikosa mshahara na unga wa mjini ni ghali, kurudi kulima kwa mjomba ni uamuzi wa busara, na Wazambia waliufanya kwa maelfu.

Siku hizi kuna shahidi mpya, simu ya mkononi. Kila ukipiga au kutuma ujumbe, mnara uliokuhudumia unaandikwa. Watafiti walitumia kumbukumbu za laini karibu milioni 15 za Kenya, Juni 2008 hadi Juni 2009, majina yakiwa yameondolewa, kufuatilia jinsi wasafiri wanavyobeba malaria kutoka ukanda wa Ziwa na kuipeleka kwingine. Matokeo yalitoka 2012. Mwaka huo huo Joshua Blumenstock alionyesha kwa data za simu za Rwanda kwamba kuna mwendo mwingi wa muda mfupi, wa kwenda na kurudi, ambao tafiti za serikali haziuoni. Mvuvi wa dago hatimaye kaonekana, alimradi ana salio. Kasoro yake iko hapo hapo: mwenye simu si maskini kuliko wote, bibi na mjukuu hutumia simu moja, na wengine wetu tunatembea na laini tatu mfukoni.

Picha za setilaiti zinasaidia kwa namna nyingine, kwa sababu bati halijui mpaka wa mkoa. Mradi wa Africapolis unahesabu mji kuwa mahali penye majengo yasiyoachana zaidi ya meta 200 na watu wasiopungua 10,000, bila kujali kama serikali imepatangaza au la. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa nayo iliidhinisha kipimo cha msongamano kinachoweza kutumika nchi zote. Kwetu, mji ni uamuzi wa kiutawala, na kwa kipimo hicho asilimia 34.9 ya Watanzania walikuwa wa mijini mwaka 2022, kutoka kama asilimia 6 mwaka 1967. Ukipima kwa majengo, baadhi ya mahali tunapopaita vijiji panageuka miji usiku mmoja, na Mbagala na Vikindu zinakuwa kitu kimoja.

Kenya wanaliona hilo hilo. Nairobi ilitoka watu 3,138,369 mwaka 2009 ikafika 4,397,073 mwaka 2019, lakini kaunti za Kiambu na Kajiado zinazoizunguka zilikua haraka zaidi. Ruiru, Juja, Kitengela na Ongata Rongai ni Nairobi kwa kila mtu isipokuwa kwa mchora mipaka.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Idadi ya watu huamua madarasa, zahanati, askari na fedha za halmashauri. Mkuranga inapangiwa kama wilaya ya korosho na mihogo huku nusu ya barabara yake kuu ikiishi maisha ya Temeke. Shirika la maji limekuwa na busara kuliko majedwali: DAWASA inahudumia Dar es Salaam pamoja na Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kisarawe, kwa sababu bomba linafuata nyumba zilipo.

Kwa mwendo wetu wa kila miaka kumi, sensa ijayo ni ya 2032, na dodoso lake litaandikwa miaka kadhaa kabla. Mambo mawili yanaweza kudaiwa tangu sasa, na hayahitaji fedha nyingi. La kwanza, kila mtu aulizwe aliishi wapi mara ya mwisho kabla ya hapa na kwa muda gani, ili hatua za katikati zionekane, zikiwemo za ndani ya wilaya. La pili, pamoja na jedwali la Mkoa wa Dar es Salaam, lichapishwe jedwali la jiji lilivyo, pamoja na kata za Pwani zilizoungana nalo. Ukiwa diwani, mwalimu wa jiografia, mwandishi wa habari au mkazi wa Vikindu, lipeleke ombi hilo Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Dodoso likishachapishwa, nafasi ya kuongeza swali hurudi baada ya miaka kumi.